Kilio cha Kuazima

Watu wa Vengapatti waliwazoea watu wa filamu kama wanavyozoea mbu. Kila mwaka mvua zikiisha na minazi ikatakata, malori yalikuja, barabara ikafungwa, mashamba ya karanga yakakanyagwa, wageni wakapiga picha zao wakaondoka. Nusu ya kijiji walishaonekana kwenye filamu wakiwa umati: umati wa harusi, umati wa ugomvi, umati wa kumkimbiza mwizi. Mzee mmoja wa pale alikuwa amekufa mara mbili kwenye filamu, na alipenda kubishana na mkewe ni kifo kipi alikufa vizuri zaidi.

Mwaka ule walikuja na filamu ya mama. Hakuna aliyehitaji kusimuliwa hadithi yake. Asubuhi ile ile malori yalipoingia, wanawake walikuwa bombani wakiiigiza kabla mwongozaji hajashuka garini.

"Mume atakufa hatujamaliza hata karanga za sinemani," alisema Sornam, akiinua ndoo yake. "Kisha mama atanunua cherehani."

"Atashona mpaka macho yaingie kiza," mwingine akadakia. "Yeye anakunywa uji, mtoto anakula wali."

"Na mtoto atakuwa mkubwa wa polisi. Lazima polisi. Mlishaona wapi mama ateseke miaka yote ile halafu mtoto awe fundi baiskeli?"

"Usisahau kukohoa, Sornam."

"Ah, mama akikohoa, basi. Karanga usiongeze tena. Huyo hafiki mwisho."

Wakacheka. Maragatham naye alicheka, tena alihakikisha kicheko chake kinasikika, kwa sababu mtu mwenye jambo moyoni hujisimamia hata katika kucheka. Alikuwa mjane tangu kabla ya sikukuu ya Dipavali, na pale bombani hapakuwa na mtu aliyejua. Sornam, aliyekuwa akimtilia maji kwenye ndoo kwa ukarimu wake wa kila siku, alikuwa dada wa huyo marehemu.

Habari aliipata sokoni Pollachi. Alikuwa amekwenda kununua vyombo vya shaba vya harusi ya binti yake, Kayal. Mtu mmoja mwenye kofia nyeupe akamsogelea, akamuuliza kama yeye si mke wa Thangavel wa Vengapatti. Jina lake Kadhar. Alikuwa amefanya kazi na Thangavel kwenye mashamba ya michikichi huko Malaysia, akaonyeshwa picha ya mkewe, na sasa alikuwa njiani kurudi kwao Ramanathapuram. Alikuwa akielekea kijijini kumtafuta mjane. Alipoona vile vyombo vya harusi, akakaa chini palepale kwenye vumbi akashika kichwa. Homa, alisema. Siku chache tu. Wenzake walichanga kuni wakamchoma huko huko, na aliyepewa kazi ya kuleta habari alikuwa yeye.

Maragatham alikuwa ameshika sufuria ya shaba. Muuzaji akamuuliza anachukua au hachukui. Akachukua.

Kufika nyumbani, alikuwa ameshaamua. Harusi ilikuwa mwezi wa Thai, mavuno yakishaingia. Nyumba iliyofiwa na baba haifanyi harusi mpaka mwaka upite, na Kayal hakuwa na mwaka wa kupitisha. Alikuwa na umri ambao mabinti wenzake wanapeleka watoto shule. Uchumba wake na Elango, fundi wa mashine za maji wa Udumalai, ulikuwa umeshasogezwa mbele mara moja babu wa Elango alipofariki. Nagammal, mama wa Elango, alikuwa mwanamke mwema mwenye ugonjwa mmoja: aliogopa nuksi. Paka akimkatiza njia, safari imeisha. Msiba wa pili katika uchumba mmoja angesema Mungu ameshasema, na mwanawe angetafutiwa kwingine. Kayal alimpenda Elango. Hakuwahi kusema, lakini mama yake alimwona anavyopiga pasi blauzi kila Udumalai walipotajwa.

Kulikuwa na jambo la pili pia. Mjane hapandi jukwaa la harusi. Husimama nyuma, jikoni, na kumwona mwanawe akiolewa kupitia mabega ya watu. Maragatham alimlea mtoto yule peke yake, tangu akiwa wa kubebwa, baba yuko ng'ambo akija mara moja kwa miaka mingi. Alitaka kusimama mbele.

Basi akanyamaza. Kila asubuhi alioga, akajitia nukta nyekundu kwenye paji la uso, akaipaka manjano tali yake, ile kamba ambayo Thangavel aliifunga shingoni mwake siku ya harusi yao na ambayo mjane huvuliwa. Akachomeka asumini nywelani. Mwanamke mwingine yeyote angefanya hayo huku anafikiria bei ya nyanya. Yeye kila tone la rangi lilimuuma, maana alikuwa akimdanganya maiti. Na hakuweza kulia. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na ukumbi, Kayal analala ubavuni pake, Sornam yuko ng'ambo ya ukuta. Alijaribu kulia shambani siku moja, akatokea mtu anatafuta mbuzi wake.

Lililomshinda zaidi lilikuwa ni Ijumaa. Thangavel alifiwa na mama akiwa mdogo, na Sornam ndiye aliyemlea. Alimlisha, akampiga, akamsomesha kidogo, akamwozesha. Kila Ijumaa Sornam alikwenda hekaluni kuwasha taa ya uhai wa mdogo wake, na akirudi humpitishia Maragatham majivu matakatifu kwenye jani la mgomba. "Pokea, wifi. Nimemwombea huyo mtoro wetu. Mwaka huu lazima aje, harusi ya mwanawe hii." Maragatham alipokea, akajipaka.

Siku ya tatu ya kurekodi, watu wa filamu walipata shida. Nyota wao, Kumudhavalli, aliyeigiza mama, alikuwa ameolewa miezi michache nyuma. Kulia, sawa. Kukohoa, sawa. Lakini tukio la mume kufa, pale wanawake wanapomzunguka mjane wakamvunja bangili na kumkata tali, alilikataa katakata. Hata tali ya kuigizia hakutaka ikatwe shingoni mwake. Mwongozaji, kijana mmoja mwembamba aliyeitwa Ezhil, alibembeleza mpaka chai ikapoa, kisha akaamua uso utakuwa wa nyota na shingo na mikono vitakuwa vya mtu mwingine. Akaja bombani kutafuta shingo.

"Wewe una mama?" Sornam alimuuliza.

"Ninaye, shangazi."

"Baba yako mzima?"

"Mzima."

"Basi nenda kamkate mama yako tali, halafu rudi utuombe sisi."

Wanawake wakaguna kumuunga mkono. Ezhil akawageukia wajane. Bibi Pappathi, mjane wa zamani kuliko wote, akatema tambuu pembeni.

"Mimi nilishakatwa mwanangu, mara moja inatosha. Tena shingo yangu hii utaifanyia nini? Watazamaji watadhani ni shina la mnazi. Nikija, nitakuja kushika mkasi. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa kijijini hata bila kamera."

"Nitafanya mimi," alisema Maragatham.

Bomba lilikuwa limefunguliwa, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kulifunga. Mke ambaye mume wake yuko hai haruhusu hata neno "mjane" litajwe karibu na nguo zake. Maragatham alijua hilo toka utotoni. Alijua pia kwamba amekosea mara tu alipofungua mdomo, lakini lile tukio lilikuwa limemshika. Aliona uwanja, aliona wanawake wamemzunguka, aliona watu wanamwambia lia. Miezi ile yote hakuna kitu alichokitamani kama hicho.

"Una wazimu?" Sornam aliuliza.

"Kuigiza tu, wifi. Yangu nitaificha ndani ya blauzi. Watakata ya kwao."

"Ndugu yangu yuko hai anahangaika huko ng'ambo, na wewe unakwenda kukaa uanikwe kama mjane? Na harusi iko mlangoni?"

"Wanalipa. Tutanunua maua."

"Maua," alisema Sornam. Akachukua ndoo zake, na siku hiyo hakumtilia mwenzake maji.

Walirekodi asubuhi, katika uwanja wa nyumba kubwa ya mwenye minazi. Maragatham alikalishwa kwenye kigoda mgongo ukiielekea kamera. Ezhil alimweleza kazi yake kwa adabu: ainamishe shingo, atetemeshe mabega. Sauti hakuna haja, sauti itaingizwa baadaye huko Madras, tena jenereta inavyonguruma hapa hata tembo akilia hasikiki.

Wajane watatu wa kijiji walimzunguka, Bibi Pappathi akiwa na mkasi. Hawakuhitaji kuelekezwa. Mmoja alichomoa asumini ua baada ya ua. Mwingine akamshika mikono akazigonganisha bangili zikavunjika, vioo vikaanguka mapajani. Pappathi akafuta nukta nyekundu kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama inavyofutwa kweli.

Hapo Maragatham akaanza kulia. Mwanzoni ilikuwa mabega tu, kama alivyoagizwa. Halafu ikatoka sauti. Alimlaumu mwanamume kwa kuondoka. Alimuuliza nani alimpa maji alipokuwa na homa. Alimwambia mtoto wake amerefuka kumpita, kwamba ana miguu ya baba yake, mibaya vilevile, na kwamba anaolewa. Ezhil nyuma ya kamera aliona mgongo ule unavyoruka akashika mkono wa mpiga picha asisimamishe.

Bibi Pappathi alikuwa amewashika wengi wanaovunjika kweli na wengi wanaojifanya. Alijua kabla ya wote. Akainama karibu na sikio la Maragatham, mkasi mkononi.

"Lia, mwanangu," alisema. "Lia yote hapa hapa. Nyumbani usilie."

Akakata tali ya filamu, na Maragatham akamwita mumewe kwa jina. Thangavel, alisema. Thangavel, Thangavel. Miaka yote ya ndoa jina lile halikupita mdomoni mwake. Alikuwa "baba Kayal" au "yeye" au "huyo mtu". Mke hamtaji mume kwa jina maadamu yu hai, kwa kuogopa kumpunguzia siku. Na mume katika filamu aliitwa jina lingine kabisa.

Ngurumo ya jenereta iliifunika sauti yake, umati uliozuiwa nyuma ya kamba ya uzio usisikie. Lakini Sornam hakuwa nyuma ya kamba. Hasira ilikuwa imemvusha, amekuja kumtoa wifi yake kwenye kile kigoda kwa kumkokota ikibidi, na alikuwa amefika hatua mbili nyuma yake. Akasimama hapo.

"Kata," alisema Ezhil. Watu wakapiga makofi. Wakapasua boga chini kuondoa mikosi, kama wanavyofanya kila wakirekodi kifo, na msaidizi akaja mbio kumgeuza Maragatham aitazame kamera. "Sasa cheka, dada. Cheka kidogo tu, mkosi uondoke. Kila mtu hucheka, hata nyota."

Maragatham aliitazama kamera. Alijaribu. Midomo ilifunguka, meno yakaonekana, na machozi yakaendelea kushuka bila kumuuliza. Msaidizi akamsihi tena. Bibi Pappathi akamsogeza yule kijana kwa kiwiko.

"Mwache. Amemeza kioo cha bangili. Nampeleka akasukutue."

Umati ukacheka, wakasema Maragatham kumbe ni mwigizaji kuliko yule nyota. Mpaka jioni kijiji kizima kilikuwa kinamsifu. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini kilio kile kilikuwa na kamera mbele yake, na watu huamini kamera.

Sornam alimkuta bandani kwa ng'ombe, anajifuta. Akafunga mlango wa banda nyuma yake.

"Umemtaja."

"Nani, wifi?"

"Usinifanye mjinga. Umemtaja ndugu yangu kwa jina."

Maragatham aliendelea kujifuta. Ng'ombe alikuwa anatafuna.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Dipavali."

"Dipavali." Sornam alilirudia neno hilo polepole. "Dipavali nilikuletea vitamu, ukala mbele yangu. Nilikuuliza kama baba Kayal amepata shati jipya huko, ukasema bila shaka amepata."

"Wifi, nisikilize..."

"Ijumaa zote zile. Nawasha taa ya uhai wa mtu aliyekwisha kuwa majivu, nakuletea, na wewe unajipaka. Ulikuwa unanicheka?"

"Nilikuwa nakufa."

"Hukufa. Aliyekufa ni yeye." Sauti ya Sornam ilipanda, akaishusha mwenyewe. "Nani alimwosha?"

"Wenzake. Kadhar alisema walimwosha vizuri."

"Mimi nilimwosha tangu ana kitovu kibichi. Mama alipokufa alilala kifuani kwangu, mimi mwenyewe sijaota hata matiti, ananitafuta maziwa. Wewe ulikuwa mkewe, sikatai. Lakini mimi nilikuwa mama yake. Na umeninyima kilio changu." Alishika nguzo ya banda. "Leo umelia wewe, tena kwa kulipwa. Mimi nitalia lini?"

"Lia, wifi. Siwezi kukuzuia, sina uso huo."

"Nitakaa mlangoni pako nitalia mpaka Udumalai wasikie. Ni haki yangu."

"Ni haki yako. Ila Kayal atabaki. Nagammal hatangoja mwaka mwingine, unamjua. Ukitaka kulia, anza sasa, nisikae na roho juu."

Sornam aliiachia nguzo. Kisha akafungua mlango akatoka, na Maragatham akabaki ametega sikio akingoja mayowe. Hayakuja. Hayakuja siku ile wala iliyofuata, na kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko mayowe yenyewe.

Sornam alijifungia ndani, akawatangazia majirani kwamba ana ugonjwa wa macho. Alipotoka yalikuwa mekundu kweli, watu wakampa pole na majani ya kuchemsha. Akaja kusaidia kazi za harusi kama shangazi anavyopaswa. Alisaga dengu, alipepeta mchele, alimkwaruza Kayal miguu kwa jiwe huku akimwambia ana miguu kama ya mbuni. Ila Sornam hakumsemesha Maragatham hata neno. Akitaka chumvi, alimwomba Kayal aombe.

"Shangazi, mmegombana na mama?"

"Mimi na mama yako? Tugombee nini? Leta mguu wa pili."

Harusi ikafika. Ukumbi ulikuwa karibu na hekalu, umefungwa migomba mlangoni, zumari na ngoma zimekaa upande mmoja wa jukwaa. Mahali pa baba alikaa mjomba wa Kayal na mkewe. Walioulizia Thangavel waliambiwa hakupata ruhusa kwa mwajiri, na waliwatukana waajiri wa Malaysia kidogo, kisha wakaenda kunywa kahawa. Bibi Pappathi alikuwa jikoni na wajane wenzake, wanakatakata maboga. Alipompita Maragatham na beseni lake, hakumtazama.

Nagammal mwenyewe ndiye aliyechagua mwanamke wa kutembeza sahani ya tali. Hutembezwa ukumbi mzima, imewekwa juu ya nazi na mchele wa manjano, kila mtu aiguse aitilie baraka kabla haijafungwa. Hutafutwa mwanamke asiye na doa: mume hai, watoto wote wazima. Alimchagua Sornam. Sornam alikuwa amevaa hariri nyekundu, kichwa kizima maua. Uso wake ulikuwa mgumu, lakini watu walidhani ni uzito wa kazi.

Sahani ikazunguka. Maragatham alikuwa amesimama mbele kabisa, chini ya jukwaa, mahali alipopapigania kwa miezi na kwa uongo wote ule. Kutoka pale aliweza kuona shanga za jasho kwenye mdomo wa juu wa mwanawe. Na kadiri sahani ilivyosogea, ndivyo hofu ilivyomwingia. Yeye hakuwa mtu wa kupinga mambo ya wazee. Aliyaamini kama Nagammal alivyoyaamini. Mkono wa mjane juu ya tali ya bibi harusi ni kumwandikia binti ujane wake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyoamini asubuhi ile. Alikuwa amejidanganya kwamba ikifika ataweza. Akarudi hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa nguzo nyuma ya wapiga ngoma. Akaificha mikono ndani ya sari.

Sornam alimfuata na sahani hadi kwenye nguzo.

"Nimeshagusa," alisema Maragatham.

"Hujagusa."

Kule jukwaani Nagammal alikuwa amenyosha shingo. "Jamani, mama wa bibi harusi amepata?" aliuliza. "Saa njema inapita."

"Anapata," Sornam alijibu kwa sauti. Kisha akashusha sauti. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa wifi yake tangu bandani. "Toa mkono."

"Siwezi, wifi. Ni mwanangu. Nikimpa mkosi nitaishije?"

"Ungefikiria hayo ulipokuwa unakula vitamu vyangu."

"Pitisha sahani. Nakuomba. Mimi nimekwisha kumwona, inatosha."

"Haitoshi. Mimi nimetafuna ulimi wangu siku zote hizi ili wewe usimame nyuma ya nguzo?" Sornam aliishikilia sahani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaingia ndani ya sari ya Maragatham akautoa mkono wake nje, kama mtu anavyomtoa mtoto kiganja kilichofumbata pesa. "Mkono huu ulimpikia ndugu yangu. Ulimlea mtoto wake bila yeye. Kama una mkosi, utanipata mimi kwanza, maana sahani nimebeba mimi."

Akaubana mkono ule juu ya tali, juu ya mchele na nazi, akaukandamiza. Maragatham alihisi kidani kidogo cha dhahabu cha ile tali chini ya kiganja, baridi. Alilia bila sauti na akaomba kila alichojua kuomba.

Sahani ikapelekwa jukwaani. Elango akainua kamba, Kayal akainamisha shingo, na kuhani akapunga kidole kwa wapiga ngoma. Hapo kila ngoma na zumari hupigwa kwa nguvu zote, bila mpangilio, bila huruma, mpaka mafundo matatu yaishe, ili neno baya lisisikike, wala chafya, wala kilio. Ukumbi mzima ulitetemeka. Mtoto aliyekuwa begani mwa babu yake alionekana anapiga kelele na sauti yake haikuwepo.

Sornam akamshika Maragatham mabega, pale nyuma ya ngoma, akafungua kinywa.

Alimlilia ndugu yake. Alimwita kwa jina, na kwa majina ya utotoni ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia. Mishipa ya shingo ilimsimama, maua yalimdondoka, na Maragatham, aliyekuwa kifuani kwake, hakusikia neno. Alilihisi tu linapita kwenye mifupa ya mwenzake na kuingia katika yake. Akaita naye. Waliita pamoja, midomo wazi, katikati ya kelele ile ya heri, na watu waliowaona wakashikana mikono kwa furaha. Nagammal alimgusa dada yake kwa kiwiko. "Tazama shangazi mtu anavyompenda yule binti," alisema, na mwenyewe akafuta chozi.

Fundo la kwanza lilifungwa na Elango. La pili na la tatu, dada yake, na vidole vyake vilikuwa na hina mbichi vikiteleza, kwa hiyo alichukua muda kidogo zaidi ya kawaida. Ndio muda wote aliopata Sornam wa kumlilia mtoto aliyemlea.

Kuhani akashusha mkono. Ngoma zikanyamaza. Sornam alikuwa ameshafunga kinywa. Akajifuta kwa ncha ya sari, akamfuta na Maragatham, akamsukuma mbele ya nguzo, akaenda kuwaita wageni wa Udumalai waje kula.